Mwongozo wa Kuchagua, Kununua na Kupima Diski ya Nje ya Kompyuta

Kila kompyuta ya mtu inapojaa, maswali yanayonifikia huwa ni yale yale: ninunue diski ya ukubwa gani, SSD (diski isiyo na kitu kinachozunguka) ina tofauti gani na diski ya kawaida ya sahani, na kwa nini ile ya bei ya chini niliyoipata mwezi uliopita imeanza kuonyesha picha zisizofunguka? Nimeyajibu kwa mdomo mara nyingi, na sasa nimeona heri niyaandike mahali pamoja, kwa mpangilio ambao mtu asiyewahi kununua diski ya nje anaweza kuufuata tangu anapotoka nyumbani mpaka faili lake la kwanza linapokaa salama.

Swali la ukubwa ndilo ambalo karibu kila mtu huanza nalo, lakini ndilo jepesi kuliko mengine. Yaliyo mazito ni mawili: diski hiyo itafanya kazi gani, na utajuaje kwamba kilichomo ndani ya ganda ndicho kilichoandikwa juu ya boksi. Sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu hayo mawili, na hatua ya kupima diski mpya nakuomba usiiruke hata kama una haraka.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Andaa vitu hivi kwanza, kwa kuwa bila hivyo utafika dukani ukiwa unakisia:

- Kompyuta yako, au angalau picha ya matundu yake ya USB iliyopigwa kwa karibu.
- Jumla ya gigabaiti za mafaili unayotaka kuyahamisha, iliyosomwa kwenye kompyuta na si kukadiriwa kwa kichwa.
- Orodha ya vifaa vingine vitakavyosoma diski hiyo, kama vile Mac ya ofisini, runinga ya sebuleni au kompyuta ya Linux ya chuoni.
- Programu za bure za kupimia. Kwa Windows ni CrystalDiskInfo, ValiDrive na H2testw. Kwa Mac na Linux ni F3. Zipakue mapema kutoka kwa watengenezaji wake na uziweke kwenye laptopu utakayokwenda nayo dukani.
- Usiku mmoja ambao kompyuta inaweza kuachwa ikifanya kazi bila kuguswa.

Hatua

1. Amua kazi ya diski kabla ya kuamua ukubwa wake.

Kuna kazi tatu ambazo watu huzichanganya. Ya kwanza ni kuongeza nafasi, yaani mafaili yanahama kabisa kutoka kwenye kompyuta na nakala pekee inabaki kwenye diski ya nje. Ya pili ni kuweka nakala ya akiba, yaani mafaili yanabaki kwenye kompyuta na pacha wake anakaa nje. Ya tatu ni kazi ya papo kwa papo, kama kuhariri video huku kompyuta ikiisoma moja kwa moja kutoka kwenye diski hiyo. Diski moja inaweza kuwa nzuri sana kwa kazi moja na ikakutesa kwa nyingine.

Onyo: kuhamisha si kuhifadhi. Ninamfahamu mpiga video wa harusi aliyehamishia kazi zake za msimu mzima kwenye diski moja ya nje, kisha akazifuta kwenye kompyuta ili apate nafasi, akiamini kwamba sasa amezihifadhi. Siku moja mtu alipita karibu na meza, mguu ukanasa kwenye waya, diski ikaanguka sakafuni ikiwa bado inazunguka, na haikusomeka tena. Maharusi wa msimu ule hawakupata video zao, na hakuna fedha inayoweza kuirudia harusi. Bwana huyo si mzembe. Kosa lilianza siku aliponunua diski moja kwa kazi iliyohitaji mbili. Kwa hiyo, ikiwa unachokihamisha hakipatikani tena popote duniani, bajeti yako ni ya diski mbili, hata kama italazimu kila moja iwe ya aina ya bei nafuu, na ya pili ikae nyumba nyingine, isiwe kwenye begi moja na ya kwanza.

2. Kadiria ukubwa kwa hesabu.

Chukua jumla ya gigabaiti ulizonazo leo, ongeza unachozalisha kwa miaka mitatu, kisha acha kama sehemu ya tano ya diski ikiwa tupu. Ili upate kipimo, video ya simu ya 1080p yenye fremu 30 kwa sekunde hula takriban gigabaiti 4 hadi 8 kwa saa, kulingana na namna simu inavyoibana, na ya 4K huanzia kama gigabaiti 10 kwa saa. Picha ghafi ya kamera ya megapikseli 24 huwa na megabaiti 25 hadi 30, kwa hiyo picha 1,000 za aina hiyo ni karibu gigabaiti 30. Nyaraka za Word na PDF hazijazi diski ya mtu wa kawaida. Mwanafunzi mwenye tasnifu, vitabu na picha za familia hutoshwa na terabaiti 1 bila wasiwasi, ilhali mpiga picha anayefanya kazi kila wikendi ataimaliza mapema kuliko anavyodhani na ni afadhali aanze na terabaiti 4.

Usishtuke ukiunganisha diski ya terabaiti 1 na Windows ikaonyesha gigabaiti 931. Mtengenezaji huhesabu terabaiti kuwa baiti 1,000,000,000,000, wakati Windows hugawanya kwa 1,024 kila ngazi, na ndiyo maana diski ya terabaiti 2 huonekana kuwa na terabaiti 1.81. Nafasi haijapotea na wala hujaibiwa.

3. Chagua kati ya diski ya sahani na SSD.

Diski ya kawaida, yaani hard disk, ina sahani zinazozunguka, mara nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika kwa zile za mfukoni, na kichwa kinachoelea juu yake kwa umbali mdogo kuliko unene wa unywele. Faida yake ni bei: kwa fedha zile zile utapata nafasi kubwa zaidi kuliko ya SSD. Udhaifu wake ni kuanguka na kutikiswa inapofanya kazi, pamoja na kasi, kwa kuwa nyingi za mfukoni huandika megabaiti 100 hadi 140 kwa sekunde katika hali nzuri. Jambo ambalo wauzaji hawalitaji ni kwamba nyingi kati ya hizo hutumia njia ya uandishi iitwayo SMR, ambapo nyayo za data hupandana kama vigae vya paa. Kuandika mara moja na kusoma baadaye hakuna shida, ila ukifuta na kuandika upya mara kwa mara, kasi hushuka sana hadi ukadhani diski imekufa.

SSD haina kitu kinachozunguka. Huvumilia misukosuko ya daladala na bodaboda, haina mlio, na hata zile za kawaida hufika megabaiti 400 hadi 500 kwa sekunde, na zilizo bora hukaribia au kuzidi 1,000. Udhaifu wake ni bei, pamoja na jambo moja ambalo watu wa maeneo ya joto wanapaswa kulijua: SSD huhifadhi data kwa chaji ya umeme, na chaji hiyo huvuja polepole diski ikikaa bila kuunganishwa, tena huvuja haraka zaidi kwenye joto, hasa ikiwa diski imekwisha kutumika sana. Haifai kuitupa SSD kabatini kwa miaka mingi na kutumaini kuikuta kama ulivyoiacha.

Hukumu yangu ni hii. Kwa kazi ya papo kwa papo, na kwa mtu anayetembea na diski yake kila siku, nunua SSD hata kama itakuwa ndogo. Kwa nakala ya akiba inayokaa mahali pamoja, na kwa hazina kubwa ya video zilizokwisha kamilika, diski ya sahani inatosha na fedha inayobaki inunue ya pili. Kuna pia njia ya tatu ambayo naipenda kwa wenye kipato kidogo: kununua SSD ya laptopu ya inchi 2.5 na kuiweka kwenye ganda la USB 3 linalouzwa peke yake. Kebo ikiharibika au ganda likifa, unabadilisha ganda tu na diski yako inaendelea.

4. Linganisha tundu, kebo na kasi.

Diski ya kasi iliyochomekwa kwenye tundu la pole itakwenda kwa mwendo wa tundu. USB 2.0, katika matumizi halisi, huishia kwenye megabaiti 30 hadi 40 kwa sekunde. Kunakili gigabaiti 500 kwa mwendo huo huchukua karibu saa 4. Diski ya sahani kwenye USB 3 humaliza kazi hiyo kwa saa 1 na dakika chache, na SSD ya kawaida kwa dakika 20 hivi. Kama kompyuta yako ina USB 2.0 peke yake, usilipie kasi ambayo hutaiona, isipokuwa unapanga kubadilisha kompyuta hivi karibuni.

Tundu la USB 3 mara nyingi huwa na ulimi wa buluu ndani yake au herufi SS kando. Majina yake yamebadilishwa mara kadhaa, na hilo huwavuruga wanunuzi: USB 3.0, USB 3.1 Gen 1 na USB 3.2 Gen 1 ni kitu kimoja, chenye kikomo cha gigabiti 5 kwa sekunde, ilhali Gen 2 ni gigabiti 10. Tundu jembamba la USB-C ni umbo tu na halithibitishi kasi yoyote, kwani yapo ya USB-C yanayokwenda kwa mwendo wa USB 2.0. Hakikisha kwamba ndani ya boksi mna kebo inayoingia kwenye kompyuta yako bila kuhitaji kiunganishi cha kati. Kebo ya kuchajia simu inaweza kuingia vizuri kabisa kwenye SSD yako na bado ikaivuta kwenye mwendo wa USB 2.0, kwa sababu nyingi za kebo hizo hazina nyaya za kasi ndani.

5. Fikiria umeme.

Diski za inchi 2.5 na SSD hula umeme wa USB peke yake. Zile kubwa za mezani za inchi 3.5 zinahitaji adapta ya volti 12 na soketi ya ukutani, na hapo ndipo ninapowatahadharisha wanaoishi kwenye mitaa ambayo umeme hukatika bila taarifa. Umeme ukikatika, laptopu itaendelea kwa betri yake lakini diski ya mezani itazimika katikati ya kuandika, na faili lililokuwa likiandikwa, au hata orodha nzima ya mafaili, inaweza kuharibika. Ukichagua ya mezani, weka UPS, yaani betri ya akiba ya kuchomekea vifaa, katika bajeti. Angalia pia kwamba adapta imeandikwa 100–240V na kwamba pini zake zinaingia kwenye soketi zetu za pini tatu. Viunganishi vilivyolegea hufanya umeme wa diski ukatike hata pale wa mtaa upo.

6. Kagua dukani kabla ya kulipa.

Diski za sahani zinatengenezwa na kampuni tatu tu duniani, yaani Seagate, Western Digital na Toshiba. Jina jingine kwenye boksi la diski ya sahani lina maana ya kwamba mtu amenunua diski ya mmoja wa hao na kuivalisha ganda lake. Hilo si kosa, ila linakupa haki ya kuuliza diski iliyo ndani ni ya nani na ni mpya au imetoka kwenye laptopu kuukuu. Kwa SSD watengenezaji ni wengi zaidi, na majina kama Samsung, SanDisk na Kingston yanapatikana kwenye maduka yetu mengi.

Iwe uko Kariakoo, Dar es Salaam, au mtaa wa Luthuli, Nairobi, nenda kwenye duka lenye mlango na jina, na ukisindikizwa na winga, yaani dalali anayepeleka wateja dukani, fahamu kwamba malipo yake yamo ndani ya bei utakayotajiwa. Omba uunganishe diski kwenye laptopu yako palepale na ufungue CrystalDiskInfo. Tazama mistari ya "Power On Hours" na "Power On Count": diski mpya huonyesha saa 0 au chache sana, na ikionyesha saa 9,000 basi imefanya kazi zaidi ya mwaka mzima mahali fulani kabla ya kufika mikononi mwako. Tazama pia mistari yenye alama 05, C5 na C6, ambayo huhesabu sehemu mbovu za sahani. Safu ya thamani halisi inapaswa kuwa sifuri. Linganisha namba ya utambulisho iliyo kwenye ganda, kwenye boksi na kwenye tovuti ya mtengenezaji inayothibitisha waranti, kwa kuwa diski iliyokusudiwa soko la nchi nyingine inaweza kuwa halisi kabisa na bado isiwe na waranti kwako. Dai risiti halali yenye namba hiyo. Waranti hukupa diski nyingine. Mafaili yako haiyarudishi.

Onyo: jiepushe na SSD ndogo ya kiganjani iliyoandikwa terabaiti 16 na kuuzwa kwa bei ya flashi. Diski za sahani za mfukoni huishia kwenye terabaiti 5 au 6, na SSD za nje za terabaiti 4 au 8 kutoka kwa kampuni zinazojulikana ni za bei kubwa. Ndani ya zile za bei ya kutupa mara nyingi hukutwa kadi ndogo ya kumbukumbu kama ya simu, iliyobandikwa kwa gundi na kupewa programu inayoidanganya kompyuta kuhusu ukubwa wake. Ubaya wake ni kwamba haikatai faili. Inapojaa huendelea kupokea na kuonyesha majina ya mafaili kana kwamba yamo, huku yaliyomo yakiandikwa juu ya mengine au kupotea, na mwenye diski hugundua miezi baadaye anapotaka kufungua picha.

7. Pima diski yote kabla ya kuweka faili lolote la maana.

Hii ndiyo hatua ninayokuomba usiiruke. Anza na ValiDrive, ambayo kwa dakika chache hujaribu sehemu 576 zilizotawanywa kwenye diski nzima na kukuonyesha kama kweli zipo na zinahifadhi. Kama sehemu ya juu ya ramani ni nzima na iliyobaki yote ni nyekundu, umenunua diski ya uongo na safari ya kurudi dukani ianze siku hiyo hiyo.

Ikifaulu, endesha H2testw ikiwa diski ni tupu. Programu hiyo hujaza diski nzima kwa mafaili yake, kisha huyasoma tena moja moja na kulinganisha. Kwa diski ya sahani ya terabaiti 2 kazi hiyo huchukua zaidi ya saa 9 hata kwenye USB 3, kwa hiyo ianze jioni, uzime mpangilio unaoilaza kompyuta, na uweke diski kwenye meza tambarare ambapo hakuna mtu atakayepita. Watumiaji wa Mac na Linux wafanye hivyo hivyo kwa amri mbili za F3, yaani f3write kisha f3read. Asubuhi, soma matokeo: hata kosa moja linatosha kukufanya uirudishe. Fungua tena CrystalDiskInfo, uhakikishe kwamba mistari 05, C5 na C6 haijasogea kutoka sifuri, kisha ufute mafaili ya kupimia.

Wengi hunilalamikia kwamba usiku mzima ni mrefu kwa kifaa kipya. Nawajibu kwamba diski yenye hitilafu ya kiwandani mara nyingi hujitambulisha katika siku zake za kwanza za kazi ngumu, na ni bora ijitambulishe ikiwa imebeba mafaili ya majaribio kuliko picha za marehemu mzazi wako.

8. Ifomati kulingana na vifaa vitakavyoisoma.

Kama ni Windows peke yake, tumia mfumo wa mafaili wa NTFS. Kama itahama kati ya Windows na Mac, tumia exFAT, kwa sababu Mac husoma NTFS lakini haiwezi kuiandikia bila programu ya ziada. exFAT ina udhaifu wa kutoweka kumbukumbu ya mabadiliko, hivyo ukiichomoa ghafla uwezekano wa kuharibika ni mkubwa zaidi kuliko wa NTFS. FAT32 iepuke, kwa kuwa haipokei faili linalofikia gigabaiti 4, isipokuwa runinga yako ya zamani haielewi kitu kingine. Kwa nakala za Time Machine, programu ya Mac ya nakala za akiba, iache Mac yenyewe iifomati na usiitumie kwa kazi nyingine.

Kama diski itabeba nyaraka za watu wengine, vyeti, au taarifa za fedha, ifunge kwa nenosiri katika hatua hii, kabla haijajaa. Windows za toleo la Pro zina BitLocker, na VeraCrypt ni ya bure kwa mifumo yote. Andika ufunguo wa dharura kwenye karatasi na uuweke mahali pengine. Ukiuhifadhi ndani ya diski ile ile utakuwa umeufungia ndani ya nyumba.

9. Hamisha, thibitisha, ndipo ufute.

Usitumie amri ya kukata na kubandika kwa mafaili mengi, kwa sababu kebo ikichomoka katikati hutajua kipi kimefika na kipi hakijafika. Nakili kwanza, kisha linganisha idadi ya mafaili na jumla ya baiti za folda zote mbili, ufungue mafaili kadhaa kutoka mwanzo, katikati na mwisho wa folda, na ucheze video mpaka dakika zake za mwisho. Toa diski kwa amri ya kuitoa salama, uichomeke tena, uangalie mara ya pili. Ni baada ya hapo tu ndipo unaweza kufuta yaliyo kwenye kompyuta, na hata hivyo ni kwa yale ambayo nakala yake ya pili ipo mahali pengine.

Diski ya sahani isisogezwe inapozunguka. Iondoe kwa amri, subiri kama sekunde 10 isimame, ndipo uinyanyue. Wanaoishi pwani waiweke kwenye kopo linalofunga pamoja na vifuko vya kukausha unyevu, kwa kuwa hewa ya chumvi huanza kula viunganishi vya kebo kabla ya kugusa kitu kingine.

Matatizo ya kawaida na namna ya kuyatatua

Diski haionekani kabisa. Badilisha kebo, kisha tundu, na kwenye kompyuta ya mezani tumia matundu ya nyuma, kwa kuwa ya mbele mara nyingi huwa na umeme hafifu zaidi. Ikiwa taa inawaka na bado haionekani, andika diskmgmt.msc kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows. Diski mpya inaweza kuhitaji kuandaliwa kwa mara ya kwanza, na hapo chagua mpangilio wa GPT, kwa sababu ule wa MBR hauwezi kutumia zaidi ya terabaiti 2. Lakini ikiwa diski ilikuwa na mafaili na Windows inakuomba uifomati, kataa. Ombi hilo lina maana kwamba ramani ya mafaili imeharibika, na mara nyingi mafaili yenyewe bado yapo.

Diski inajitenga na kujiunga tena yenyewe. Umeme hautoshi au kebo imelegea. Ondoa kigawanyio cha USB kisicho na adapta yake, na uchomeke diski moja kwa moja kwenye kompyuta.

Kompyuta inasema faili ni kubwa mno ilhali nafasi ipo tele. Diski ina FAT32. Hamishia mafaili yake pengine, uifomati upya kwa exFAT au NTFS.

Kasi imeshuka mno. Hakikisha kwamba hujatumia kebo au tundu la USB 2.0. Kama unanakili maelfu ya mafaili madogo, yafunge kwanza kuwa faili moja la zip. Kama ni diski ya sahani yenye SMR, ipumzishe ikiwa imeunganishwa kwa nusu saa, ipange data zake, kisha uendelee.

Folda zote zimegeuka kuwa njia za mkato na nafasi iliyotumika haijapungua. Hicho ni kirusi kinachosambaa kwenye kompyuta za vituo vya intaneti na vya kuchapishia, na mafaili yako yamefichwa tu, hayajafutwa. Usibofye njia hizo za mkato. Safisha kompyuta na diski kwa programu ya kuzuia virusi, kisha, ikiwa diski yako ina herufi E, fungua dirisha la amri na uandike: attrib -h -r -s /s /d E:\*.* Mafaili yataonekana tena, na hapo unaweza kuzifuta njia za mkato.

Diski inatoa mlio wa kugongagonga, tik-tik, unaojirudia. Kichwa cha kusomea kimeshindwa kupata nafasi yake, na kila sekunde inayopita ikiwa na umeme inaweza kuikwaruza sahani. Ichomoe mara moja. Usiigonge, usiiweke kwenye friji, usiifungue, na usiijaribishe kwenye kompyuta ya pili, ya tatu na ya nne ili kuona kama itakubali. Kama yaliyomo hayana nakala na yana thamani kwako, tafuta fundi mwenye vifaa na chumba safi cha kufungulia diski, umuulize gharama kabla ya kumkabidhi, na umweleze ukweli wote wa namna ilivyoanguka na mara ngapi umeiwasha tangu hapo.